Mwali wa Darasa la Saba

Maji ya mwali hayachotwi na mtu mwingine ila somo yake, kwa hiyo ndoo zote mbili Mwanabaraka alizibeba mwenyewe kutoka kisimani, moja kichwani na moja mkononi, kabla jua halijachomoza. Ndivyo alivyoianza kila siku yake tangu mwezi wa sita. Alivuka ua wa makuti wa Bi Tabu, akakohoa kidogo badala ya kupiga hodi, akainama kupita mlango wa chumba cha nyuma. Humo gizani Zaitun alikuwa ameshaamka, ameketi mkekani na magoti kifuani.

"Umelala, somo?" aliuliza Mwanabaraka.

"Sijalala hata kidogo."

"Na mie vivyo hivyo. Haya, simama tuoge. Maji yakianza kupwa hatufiki."

Zaitun alikuwa na miaka kumi na minne. Alivunja ungo katikati ya kipindi cha Jiografia, akarudishwa nyumbani amefungwa kanga ya mwalimu kiunoni, na siku ile ile bibi yake, Bi Tabu, akamwingiza ndani. Mwanabaraka akaitwa awe somo yake, yaani mwanamke wa kumwogesha, kumlisha na kumfunda mambo ya ukubwani mpaka atakapotolewa nje kwa ngoma. Tangu hapo huitana somo wote wawili. Kazi hiyo haina mshahara. Ina heshima yake, na ina haki moja ndogo: nguo aliyoingia nayo mwali huchukuliwa na somo, naye humpa msichana mwingine ambaye bado ni mtoto.

Kwa kawaida mwali hukaa ndani mpaka mavuno. Mpunga ukishaingia ghalani anachezwa, wageni wanakula wanashiba, anatoka. Lakini mwaka huo wa tisini na nane mpunga wa delta yote ulikuwa umeshakwenda baharini. Mvua za Elnino ziliinyanyua Rufiji ikapita juu ya majaruba kwa miezi, na watu ambao miaka yote walipeleka mchele Dar es Salaam sasa wakawa wananunua mchele wa Pakistani kwa kilo, dukani Mbuchi, kwa bei aliyojipangia mwenye duka. Soko huria, redio ilisema. Mshamu, babake Zaitun, alikwenda Salale kukata boriti za mikoko ili apate cha kununulia magunia mawili ya mchele wa ngoma. Akakuta leseni imepanda mara tatu, akabaki huko huko akihangaika. Bila mpunga hakuna ngoma, na bila ngoma mwali hatoki. Zaitun angesubiri mavuno ya mwaka unaofuata.

Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa leo, saa tatu asubuhi, katika shule ya ng'ambo.

Mwanabaraka aliutaka mtihani huo kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote, na tusimfiche, alikuwa akijitakia na yeye mwenyewe. Mwaka wa sabini na sita alikuwa wa pili darasani, darasa la sita, pale alipoingizwa ndani kama Zaitun. Alikaa miaka miwili. Alipotolewa alitolewa moja kwa moja kwenda kwa mume, na mume naye akaja kumwacha kwa sababu zake. Msichana aliyekaa naye dawati moja sasa ni muuguzi wa zahanati, anavaa soksi nyeupe. Mwanabaraka hakumwonea kijicho. Alichokikosa ni karatasi yenyewe. Hajawahi kuuona mtihani wa darasa la saba, ukoje, umeandikwaje, maswali yamepangwa vipi. Mpaka leo akinunua chumvi hulisoma lile gazeti lililoifunga, mbele na nyuma, hata tangazo la mnada wa mwezi uliopita, na akimaliza hulikunja na kulichomeka kwenye paa.

Kazi yake ilikuwa kumfunda mwali habari za mume na nyumba. Alimfunda, kweli alimfunda, lakini ukibaki muda walifanya hesabu kwa mkaa ukutani. Mwanzoni alidhani atamsaidia mtoto asisahau. Kumbe Zaitun ndiye aliyemfundisha yeye. Asilimia hakuwa ameifikia enzi zake, na siku alipoielewa, mwanamke wa miaka thelathini na sita na mashavu yake meusi ya mkaa, alicheka mpaka Bi Tabu akagonga ukuta kuuliza kulikoni.

Huyo Bi Tabu sasa ndiye aliyekuwa kizingiti. Mwalimu mkuu alikuja mara mbili kumwomba mtoto, na mara zote mbili alipewa uji, akasikilizwa kwa adabu na kuondoka mikono mitupu. Mwanabaraka hakwenda kwa haraka. Alikwenda siku tatu mfululizo baada ya alasiri, anakaa kibarazani anachambua mchele na bibi, anasema neno moja, ananyamaza.

"Mwanangu, mie sikatai kusoma," Bi Tabu alimwambia siku ya tatu. "Nakataa kumtoa mtoto hivi hivi, hajachezwa. Watasema hana kwao."

"Bibi, hebu niambie. Mwali akishikwa na homa kali tunafanyaje?"

"Anapelekwa zahanati. Tutamwacha afe?"

"Anakwendaje?"

"Anafunikwa, anabebwa."

"Na siku hiyo ngoma imeharibika?"

Bi Tabu aliacha kuchambua. Alimtazama Mwanabaraka kwa jicho lile la kumpima mtu kama anamchezea, kisha akacheka bila kutaka, meno yake matatu yakionekana. "Mtoto wa Sadallah wewe. Ungekuwa mwanamume ungekuwa kadhi."

Ndipo akatoa masharti yake. Zaitun asikanyage ardhi ya nje. Asionwe uso na mwanamume wala kusikiwa sauti naye. Na jua likizama awe ameshalala kwenye mkeka wake. Kwa siku moja ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo asubuhi ile, baada ya kuogeshwa na kupakwa liwa ya kunukia, Zaitun alifunikwa kaniki nyeusi kuanzia utosini, akapanda mgongoni mwa somo yake, na Mwanabaraka akatoka naye mlangoni ameinama. Mtoto wa miaka kumi na minne si mzigo wa mchezo. Mpaka ukingoni ni hatua mia tatu, na nusu yake ni tope. Bi Tabu alifuata nyuma akichukua kalamu mbili za risasi na rula, akavikabidhi vitu hivyo kwenye mtumbwi kwa mikono miwili, akasema tu, "Haya. Mkafanye huo ugonjwa wenu."

Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Mwanabaraka alipiga upondo kwa nguvu zake zote huku ndani ya kaniki Zaitun akinong'ona.

"Kipeuo cha pili cha mia moja arobaini na nne?"

"Kumi na mbili," alijibu Mwanabaraka.

"Asilimia ishirini na tano ya mia sita?"

"Wee, nani anakwenda kwenye mtihani hapa, mimi au wewe?"

Zaitun alicheka, na mtumbwi ukayumba. Mwanabaraka hakumbuki kama alishawahi kufurahi namna ile tangu awe mtu mzima.

Walifika shuleni kwenye saa mbili. Watahiniwa kumi na tisa walikuwa wamepangwa mstarini mbele ya darasa, kati ya thelathini na mmoja walioandikishwa. Mgambo mmoja mwenye bunduki alikaa kwenye jiwe akilinda bahasha. Msimamizi aliyetoka wilayani, Bwana Ashrafu, alikuwa ameanika viatu na soksi zake barazani, suruali ameikunja mpaka magotini, maana boti iliyomleta ilimshushia kwenye maji. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliwaona wanakuja, mwanamke amebeba gunia jeusi lenye miguu, akasimama.

"Na hiyo nini?"

"Mtahiniwa," alisema Mwalimu Muhidini, mwalimu mkuu, ambaye alikwishawatambua na kwa heshima akageuzia uso wake upande wa choo. "Zaitun Mshamu. Namba kumi na saba."

Ashrafu alivua miwani akaifuta. "Unaona sasa, Mwalimu? Siku tano tumekaa semina Kibaha, na wafadhili wetu, tunabishana kiini cha matatizo ya watu wa huku ni elimu au mila. Ningekuwa na kamera, ningewapelekea jibu."

"Lakini kaja, bwana."

"Kaja vipi? Kaletwa kama mzigo! Nitajuaje kama ndiye? Anaweza kuwa dada yake huyo. Afunuliwe."

"Afunuliwe na mwanamke," alisema Mwanabaraka akihema. Zaitun alikuwa bado mgongoni. "Si kuna mwalimu wa kike?"

Alikuwepo, Mwalimu Yasmini, yule aliyemfunga mtoto kanga siku ya Jiografia. Aliwaingiza ofisini, akafunga mlango, akaifunua kaniki, akamkuta Zaitun amenawiri kwa kukaa kivulini na macho yamemtoka. Alimkumbatia kwa haraka. Kisha akatoka na kusema ni yeye, na kama Bwana Ashrafu anataka, atatia sahihi. Ashrafu alikubali. Akakubali pia mtoto akae dawati la nyuma, akiupa mlango mgongo, Mwalimu Yasmini amsimamie upande ule. Tumpe haki yake, hakuwa mtu mgumu. Mambo yale yote hayakuwa kwenye waraka wake, na yasiyokuwemo kwenye waraka aliweza kuyafikiria.

"Basi avae sare aingie," alisema akitazama saa. "Zimebaki dakika kumi."

Mwanabaraka alibaki amesimama.

Siku tatu alizokaa kibarazani kwa Bi Tabu alikuwa amewaza juu ya miguu ya Zaitun, uso wake, sauti yake, njia, maji kujaa na maji kupwa. Alikuwa amewaza nani atamtambua na dawati litakaa wapi. Sketi hakuiwaza. Mwali havai nguo za utotoni, na kwa hiyo ile sketi ya buluu na shati jeupe aliloingia nalo ndani mwezi wa sita vilikuwa vimeshatoka akilini mwa kila mtu katika nyumba ile, Zaitun mwenyewe akiwemo. Mwanabaraka ndiye aliyevichukua. Ndiyo haki yake ya usomo. Alivifua, akavipeleka Mohoro kwa binti wa kaka yake, anayesoma darasa la nne, na saa hizi vilikuwa darasani, vimevaliwa.

"Hana," alisema.

"Kaisahau nyumbani?"

"Hana. Niliigawa mie."

Ashrafu alitikisa kichwa. "Mama, waraka unasema mtahiniwa awe na sare. Mwaka juzi mwenzangu alimruhusu mtoto aliyevaa gauni la Idi. Mkaguzi akateremka kwenye boti bila kutoa taarifa. Leo mwenzangu anauza maji ya vifuko Kariakoo, na alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini. Mimi posho ya safari hii yenyewe sijapewa, nimejilipia nauli. Nikifukuzwa, mradi wenu wa kubebana mgongoni utanilisha?"

"Amefunikwa kaniki, bwana mkubwa. Nani ataona kama ndani ana sketi au hana?"

"Mimi nimeshaambiwa hana."

Mwalimu Yasmini alimshika Mwanabaraka mkono akamvuta pembeni. "Watoto wa madarasa ya chini tumewaambia wasije siku mbili hizi. Mwendo wa robo saa, nyumba ya tatu baada ya kisima, kwa Bi Mashaka. Ana binti wa darasa la sita, kiuno chao kimoja. Kimbia, dada yangu."

Mwanabaraka alimketisha Zaitun kwenye benchi, mlangoni kabisa, miguu juu ya benchi isiguse chini, akamziba vizuri. "Usitoke hapa, somo. Nakuja sasa hivi."

Akakimbia. Mwanamke mzima, kanga imefungwa kibwebwe, kuku wanampisha njia. Alihesabu nyumba akakosea, akaingia ua usio wake, akaelekezwa. Alimkuta Bi Mashaka amechuchumaa mbele ya beseni.

"Sketi? Hii hapa nimeiloweka! Si mmesema hakuna shule?"

"Itoe hivyo hivyo."

"Ina sabuni, jamani."

"Hivyo hivyo, mama wee, mtoto anasubiri mtihani."

Bi Mashaka hakuuliza tena. Waliisuuza mara moja, kila mmoja akashika upande wake wakaikamua mpaka mikono ikawauma. Shati lilikuwa kavu lakini halina vifungo viwili, na Bi Mashaka akachomoa pini kwenye kanga yake mwenyewe akaitia mahali pa kifungo. Wala hakutaja cha kulipwa. "Itamkaukia mwilini," alisema. "Nenda, nenda!"

Akiwa njiani alisikia rimu ya gari, kengele ya shule, ikigongwa mara ya pili. Hakuwa na saa. Aliongeza mbio, akaanguka mara moja kwenye mteremko wa kisima, akainuka na sketi ameiinua juu isiguse tope.

Uwanja ulikuwa kimya. Zaitun alikuwa pale pale kwenye benchi, hakusogea hata inchi, na mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Kupitia kaniki alikuwa amesikia kila kitu: Bwana Ashrafu akisoma maelekezo, bahasha ikichanwa, karatasi zikigawiwa, kisha kalamu kumi na tisa zikianza kuandika. Mwanabaraka aligonga. Ashrafu alitoka pekupeku, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Saa tatu na dakika thelathini na nane," alinong'ona. "Mwisho wa kuingia ni nusu saa."

"Hajachelewa! Yuko hapa tangu saa mbili, umemwona mwenyewe!"

"Sare ndiyo iliyochelewa, mama."

Sketi ilikuwa inadondosha maji kwenye saruji katikati yao. Mwalimu Muhidini alikuja kutoka ofisini. Aliitazama sketi, akaitazama saa yake mwenyewe, akasema, "Bwana Ashrafu, ni dakika nane."

"Sawa. Niandikie barua, wewe mwalimu mkuu, kwamba umeniamuru. Namwingiza sasa hivi."

Mwalimu Muhidini aliutazama mlango uliofungwa. Alikuwa na watoto saba, na mshahara wa mwezi wa nane ulikuwa haujafika. Alisimama pale, kalamu ya wino mfukoni mwa shati, na barua hakuiandika.

"Na karatasi ya pili, ya mchana?" Mwanabaraka aliuliza.

"Aliyekosa ya kwanza hana ya pili."

Hawakuweza hata kuondoka. Maji yalikuwa yamepwa, mtumbwi umelala ubavu kwenye tope, na mpaka yajae tena ni alasiri. Mwanabaraka alikaa kwenye benchi kando ya Zaitun, akaweka mkono juu ya kaniki mahali alipodhani pana bega. Bega lilikuwa linatikisika. Hakumwambia anyamaze, maana sauti haikuwa ikitoka. Kupitia ufa wa dirisha aliona ukingo wa karatasi kwenye dawati la karibu: namba zimepangwa upande wa kushoto, mistari ya vidoti, picha ya pembetatu. Ndivyo ulivyo, kumbe. Alitazama mpaka mtoto mwenye karatasi alipoigeuza, na alitamani kwa uchungu, bila haya, kuingia akae yeye, ajibu hata swali moja, japo ajibu vibaya.

Saa sita karatasi ya kwanza iliisha, watoto wakatoka kupumzika. Ashrafu alitoka na meza ndogo, akaiweka barazani, akatandaza fomu ndefu. Ilikuwa fomu mpya, ya wale wafadhili wa semina ya Kibaha, ya kuandika wote walioandikishwa na hawakufanya. Alijaza haraka haraka, mtu aliyeizoea kazi yake, na alipofika namba kumi na saba akainua uso.

"Wewe ni nani wake?"

"Somo yake."

"Mlezi," alisema Ashrafu, akaandika. Kisha akaweka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, akaigeuza fomu kwa Mwanabaraka, na juu yake akasukuma kidude cha wino wa dole gumba. "Weka hapa. Ni kuthibitisha tu."

Mwanabaraka hakukigusa kile kidude. Alikuwa anasoma. Juu ya visanduku paliandikwa SABABU YA KUTOFANYA MTIHANI, na chini yake sababu zilikuwa nne: Utoro. Mimba. Mila. Kifo. Alama ya Zaitun ilikuwa kwenye Mila. Kwa wale kumi na mmoja wengine vema sita zilikuwa kwenye Mila, nne kwenye Utoro, moja kwenye Mimba.

"Hapa sipo pake," alisema.

Ashrafu alishtuka. "Unajua kusoma?"

"Hapa sipo, bwana. Mila imemleta mpaka hapa mlangoni, mgongoni kwangu. Kisanduku cha sketi kiko wapi?"

"Hakuna kisanduku cha sketi."

"Cha shule je? Mtoto amefika, shule ikamkataa. Hicho kiko wapi?"

"Mama, fomu imechapishwa Dar es Salaam. Sikuitunga mimi." Alisugua macho chini ya miwani. "Na mimi nina binti. Unadhani napenda? Weka dole gumba, twende."

"Nipe kalamu."

Labda alidhani anataka kutia sahihi. Alimpa. Mwanabaraka alipiga goti moja sakafuni, akashikilia ukingo wa fomu kwa mkono wa kushoto namna walivyofundishwa darasa la kwanza, na penye mstari wa namba kumi na saba, pembeni, akaanza kuandika. Miaka ishirini na miwili hakuwa ameshika kalamu ya wino. Herufi zake zilikuwa kubwa na mkono haukuwa mwepesi, ikabidi apande juu kwenye nafasi nyeupe, kisha azunguke ukingoni. Ashrafu alipozinduka zilikuwa zimeshajaa mistari mitatu.

"Unafanya nini? Hiyo ina namba, mama! Ninayo moja tu!"

Mwanabaraka alimaliza jina lake, na la babake, akaweka nukta. Watahiniwa kumi na tisa walikuwa wameshapanga mstari wao wa kuingilia karatasi ya pili. Mwalimu Yasmini alisimama mlangoni. Mwalimu Muhidini alitoka ofisini na kusimama nyuma ya meza. Safari hii hakugeuza uso.

Kutoka ndani ya kaniki ikatoka sauti ndogo, mbele ya wanaume wote wale.

"Somo, umeandika nini?"

Mwanabaraka alisimama wima na fomu mikononi. Ashrafu alikuwa amenyoosha mkono kuidai, naye akarudi hatua moja nyuma, akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Zaitun Mshamu alikuja kufanya mtihani. Bibi yake alimruhusu. Nilimbeba mgongoni. Alikaa mlangoni tangu saa mbili mpaka karatasi ya kwanza ilipoisha. Hakuingizwa kwa sababu ya sketi. Mimi Mwanabaraka Sadallah."

"Basi, mama," alisema Ashrafu. "Tumesikia. Lete fomu."

Lakini mwishoni mwa mstari watoto wengine hawakuwa wamesikia vizuri, na mmoja akauliza amesema nini. Mwanabaraka aliinua fomu juu kidogo, akaanza tena kwenye neno la kwanza.